Alisema Nakuja

Nyumbani kwangu hakuna anayeruhusiwa kusema "nakuja" huku anatoka. Wageni hucheka. Mume wangu ameshazoea. Husimama mlangoni na kutangaza, "Natoka, nitarudi saa kumi na moja," kama anaripoti kituoni. Binti yetu wa miaka kumi na saba ndiye mkaidi. "Mama, kila mtu anasema nakuja. Unainuka, unasema nakuja, unakwenda zako. Ndicho Kiswahili chenyewe." Najua ndicho Kiswahili chenyewe. Nakikataza hivyo hivyo.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhesabu. Kabla daktari hajapasua nahesabu vitambaa, sindano, mikasi na koleo. Kabla hajashona nahesabu tena. Vikipungua hashoni, hata akinitukana. Niliwahi kumsimamisha daktari bingwa dakika ishirini na tano kwa ajili ya kitambaa kimoja, kikaja kuonekana chini ya kiatu chake mwenyewe. Kwa hiyo watu huniamini. Nikisema hesabu imetimia, wanashona.

Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba kuhesabu nilikuwa najua.

Rafiki yangu tunamwita Miwani. Tulikutana chuoni, mimi nikisomea uuguzi na yeye mambo ya macho. Tulilala chumba kimoja miaka mitatu, tukagombania ndoo moja. Sasa ana duka dogo la kutengeneza miwani karibu na stendi: meza moja, taa moja, na bisibisi ndogo kama kijiti cha meno. Mteja akiingia, Miwani humtazama usoni kwanza, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Wateja hudhani anawapima macho. Anamtafuta mdogo wake.

Mdogo wake tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba kwao. Ana miaka kumi na miwili tangu apotee. Tulikuwa watatu mlimani, na daftari la langoni linasema tulitoka wote watatu, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Kwa hiyo mlimani hakuna aliyemtafuta. Alitafutwa kwenye stendi, kwenye hospitali, kwenye nyumba za wageni. Polisi walisema ni mtu mzima, katoka kwa miguu yake, kaenda anakotaka. Na kwa kuwa wiki ile alikuwa amegombana na mama yake kuhusu masomo, watu wakaona jibu wanalo. Mama yao alifariki mwaka wa saba akiwa bado amenuna. Aliagiza kwamba huyo mtoto akirudi asiletwe kwenye kaburi lake.

Mwandiko ule wa kwenye daftari ni wangu.

Miwani alinipigia simu Jumapili moja, nikiwa nafua sare za shule.

"Nesi, goti langu limepona."

"Lilipona zamani, acha mambo yako."

"Lilipona la kutembelea. Sasa limepona la kupandia mlima."

Nilizima bomba.

"Nataka twende tena," akasema. "Tuingilie lango la juu, tutokee lango la chini, kama siku ile. Nimewapigia simu pale chini. Madaftari ya zamani bado wanayo, yako stoo. Nataka kuuona mwandiko wake, Nesi. Sijawahi kuuona. Alitia saini, akatoka. Sina kitu chake cha mwisho zaidi ya hicho."

Nikasema sawa. Ningeweza kumwambia palepale, maji ya sabuni yakinichuruzika viwikoni. Lakini nilipiga hesabu haraka: siku mbili za basi, siku tatu za mlima. Nafasi zitakuwa tele. Nitamwambia tukiwa njiani.

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Miwani alikaa dirishani na mfuko wake wa vifaa mapajani, ule wenye bisibisi, maana hausafirishi chini ya basi hata kwa dawa. Kila tuliposimama alinyoosha shingo kutazama abiria wa mabasi mengine.

"Yule ana miwani."

"Yule ni mwanamume, Miwani."

"Najua. Naangalia fremu." Akacheka mwenyewe. "Unakumbuka ile yake? Kabla hatujaondoka skrubu ya bawaba ya kushoto ilidondoka, sikuwa na nyingine ya saizi ile. Nikamzungushia waya wa shaba. Nikamwambia tukirudi nitakuwekea skrubu. Akasema dada, wewe fundi gani, unamfunga mdogo wako waya kama redio mbovu."

"Nakumbuka."

"Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, vumbi?" Akanikatia mkate akaniwekea mkononi kama mtoto. "Unajua kinachonipa usingizi? Kwamba alitoka. Mtu aliyetoka anaweza kurudi. Hata akiwa na hasira, hata akiwa na watoto sita na mume mlevi, anaweza kurudi. Angekuwa amebaki kule juu, mimi ningekuwa nimeshakufa."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Konda akapita akihesabu abiria, kidole hewani. Alipofika kwetu akasema "watatu," akasita, akaturudia, "wawili," akaendelea na wa nyuma.

Mimi siamini mizimu. Naamini shinikizo la damu na kukosa usingizi. Nilijiambia konda kaamka mapema.

Jioni tulifika mji wa katikati ya safari, tukachukua chumba katika nyumba ya wageni mkabala na stendi. Miwani alipanda ngazi na mabegi. Mimi nilibaki mapokezi kuandika majina. Mhudumu, msichana mwenye kalamu nyuma ya sikio, alinipa taulo mbili na sabuni mbili, kisha akatoa ya tatu.

"Na mwenzenu mwingine, atalala chumba hichohicho?"

"Mwenzetu yupi?"

"Yule dada aliyekuwa hapo mlangoni. Nimemwuliza kama yuko na nyinyi, akasema nakuja, akatoka."

"Ana sura gani?"

"Sikumwona uso, alikuwa amenipa mgongo."

"Hatuko naye," nikasema. Lilinitoka haraka, kama ninavyosema kila kitu. Msichana akarudisha taulo kwenye rafu. Nilitoka nje nikatazama barabara huku na huku. Kulikuwa na fundi viatu anafunga sanduku lake, na mwanamke anamvuta mtoto mkono. Hao tu.

Chumbani Miwani alikuwa ameshavua viatu, anakanda goti kwa dawa ya kuchua. "Mbona umekaa chini muda wote huo? Ulikuwa unawafundisha kuandika?" Nilisema watu walikuwa wengi kwenye foleni. Hakukuwa na foleni.

Lango la juu tulifika siku ya pili alasiri, kwa gari la mizigo lililotutikisa hadi meno. Pale tulikutana na mwongoza njia wetu, mtu mfupi wa makamo, buti zake zimefungwa kamba za rangi mbili tofauti. Alitutazama kuanzia kichwani hadi miguuni kama fundi anayekagua gari la mtu mwingine.

"Mmeshawahi kupanda?"

"Mara moja," Miwani akasema. "Zamani."

"Mlikuwa wangapi?"

Tulijibu pamoja. Mimi nilisema wawili. Miwani alisema watatu. Alinigeukia akicheka. "Nesi, mimi nawe nani hajui kuhesabu?"

Siku ya kwanza ya mlima ilikuwa msitu na matope. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari: mwongoza njia mbele, Miwani katikati, mimi nyuma. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Kila saa nilijiambia, tukifika pale penye mti ulioanguka. Tukifika kwenye daraja. Tukishakula. Miwani alikuwa na furaha, hilo ndilo lililonivunja nguvu. Alimsimulia mwongoza njia habari za Kitinda kama mtu anayekwenda kumpokea stendi.

Siku ya pili tulitoka kwenye miti tukaingia kwenye ukungu, njia nyembamba juu ya mgongo wa mlima, nyasi zimelala kwa maji. Hapo ndipo nilipolisikia lile neno.

"Nakuja!"

Nyuma yangu, si mbali. Sauti ya msichana anayeharakisha, pumzi juu juu, na kicheko kidogo ndani yake. Nilisimama. Ukungu, nyasi, njia.

"Nini?" Miwani akauliza.

"Kamba ya kiatu."

Nikainama. Tukaendelea. Baada ya dakika kumi, tena. Nikasimama, nikainama. Mara ya nne Miwani alirudi hadi nilipokuwa, akashika kiuno.

"Hiyo kamba umeifunga mara ngapi leo?"

"Inalegea."

"Viatu vyako vina zipu, Nesi."

Mwongoza njia alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, maana ningefanya nini. Lakini usiku ule kwenye banda la kulala nilijilaza nikiwa nimevaa viatu, na nilipoamka asubuhi nilikuta nimejibana ukutani kabisa, kama mtu aliyesogea kumwachia mwenzake nafasi.

Siku ya tatu tulianza kushuka. Kabla ya saa nne tukafika penye jiwe jeupe.

Ni jiwe la urefu wa mtu, limepakwa chokaa na watu wa hifadhi ili lionekane. Hapo njia inagawanyika: kulia ni langoni, mwendo wa saa moja, kushoto ni kichochoro kinachoshuka kwenye mto. Chokaa ilikuwa imebabuka. Miwani alilipita bila hata kulitazama, kwa kuwa siku ile yeye alipita hapo amebebwa, akilia na goti lake.

"Miwani, simama."

"Nisimame nini, tumebakiza saa moja tu."

"Kitinda hakutoka."

Aligeuka taratibu. "Daftari linasema…"

"Daftari ni mimi. Niliandika mimi. Jina langu, lako, lake. Saini zote tatu ni zangu."

Alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la fulana, akaivaa. 

"Ulisema mlifika langoni pamoja, kwamba atafuata na gari la pili."

"Nilidanganya."

"Ulimwambia mama."

"Nilimwambia mama."

Nikamweleza yote, kwa mpangilio, kama ninavyokabidhi zamu. Kwamba yeye aliposhushwa na wapagazi alfajiri, goti limevimba, mimi na Kitinda tulibaki kufunga mahema. Kwamba tulipofika kwenye jiwe hili simu yangu ilishika mtandao, na ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mume wangu: mtoto ana homa, inapanda. Binti yangu alikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nasoma ujumbe huo Kitinda aliposema nakuja. Niliinua macho kidogo, nikaona koti lake la mvua, la njano. Nikashika kulia nikashuka, nikidhani yuko nyuma yangu. Langoni gari lilikuwa linaunguruma, Miwani ndani yake analia, dereva anapiga honi. Karani akanisogezea daftari. Wa tatu yuko wapi? Yuko nyuma yangu, nikasema, anakuja. Karani alikuwa anamaliza zamu, akasema basi funga mistari yote, tia saini za wote. Nikafunga. Gari la pili, la mizigo, lingemchukua. Gari la pili halikukuta mtu, dereva wake akadhani ameondoka nasi. Mchana ikanyesha mvua, ikanyesha siku nne.

"Tulipopiga simu kesho yake," nikasema, "wakajibu kwamba wote watatu wametoka. Niliposikia hivyo nikajiambia, basi kumbe kweli alinifuata. Nilijua ni mwandiko wangu, na bado nikauamini."

Mwongoza njia alikuwa ametupa mgongo, anatazama miti.

"Alisemaje?" Miwani akauliza. "Neno kwa neno."

"Alisema, dada, nakuja."

"Alikuwa amekutazama, au amekupa mgongo?"

Miaka kumi na miwili nimeliona lile koti. Nimeliona nikipika, nimeliona nikihesabu sindano. Halikuwahi kuwa na vifungo. Lilikuwa na mshono wa katikati ya mabega na kofia inayoning'inia.

"Mgongo," nikasema.

"Basi alikuwa anaondoka."

"Ndiyo."

"Alikuwa anakuaga, Nesi. Kwetu mtu akitoka husema nakuja. Maana yake nisubirini."

"Najua. Hata kwetu."

"Hata kwa watu wote," akasema Miwani. Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alimgeukia mwongoza njia: "Hii ya kushoto inakwenda wapi?"

"Haitumiki hiyo, mama."

"Sijauliza kama inatumika."

Nilivua begi ili niwafuate. Miwani akainua kidole, kama anavyomnyamazisha mteja. "Wewe kaa hapo. Usiondoke kwenye jiwe hilo. Hata ukiitwa na nani."

Wakashuka. Nikakaa, mgongo kwenye jiwe. Dakika chache baadaye lile neno lilianza.

Safari hii halikutoka nyuma. Lilitoka kushoto, chini, walikokwenda. "Nakuja!" Kisha kimya cha kama dakika mbili. "Nakuja!" Nikafanya ninachojua kufanya, nikahesabu. Kumi. Kumi na tano. Katika la ishirini nikajibu kwa sauti, "Nipo! Nakusubiri!" Nilidhani nikijibu litakoma. Halikukoma wala kubadilika. Lilikuwa na furaha ileile, na haraka ileile, sauti ya mtu ambaye bado hajajua kwamba ameachwa.

Walirudi baada ya saa mbili, matope hadi magotini. Mwongoza njia ndiye aliyesema. Mbele kama hatua mia mbili hakuna njia, ubavu wa mlima uliporomoka zamani ukaifunika mpaka mtoni. Juu ya udongo ule miti imeshaota, minene kama paja. "Mti wa namna ile unataka miaka kumi," akasema. "Kumi na miwili." Halafu akaona aibu kwa kusema hivyo, akaanza kufunga kamba zake za rangi mbili.

Miwani hakunitazama. Alinipita, akashika kulia. Nikamfuata. Kati yetu aliacha nafasi ya mtu mmoja.

Langoni kulikuwa na karani mwingine, mama wa umri wetu mwenye sweta, anafuma sweta jingine. Alikuwa ameshatoa daftari la mwaka ule, kwa kuwa Miwani alimpigia simu kabla. Panya walikuwa wamekula kona moja. Miwani akapekua hadi tarehe ile, akaweka kidole. Majina matatu chini kwa chini, saini tatu, zote zimelalia kulia.

"Hata hukujisumbua kubadilisha mwandiko," akasema.

"Nilikuwa na haraka."

Nikachukua kalamu ya karani mezani. Nikaukata mstari wa tatu, kwenye safu ya kutoka, kwa mstari mmoja ulionyooka, kama tunavyofundishwa kusahihisha jalada la mgonjwa ili kilichokosewa kiendelee kusomeka. Pembeni nikaandika: Hajatoka. Nikaweka tarehe ya siku hiyo na jina langu.

"Wewe mama!" Karani alidondosha sindano zake za kufumia. "Daftari la zamani haliandikwi!"

"Limeshaandikwa."

"Umeniharibia hesabu! Walioingia watatu, waliotoka wawili! Sasa hii nitamwonyesha nani?"

"Hapo ukutani, nyuma yako, pameandikwa nini?"

Ni kibao cha mbao, cha zamani kuliko sisi sote. Nilikiona siku ile ya kwanza, nikakisoma huku nasaini. Karani aligeuka akakisoma kama hajawahi kukiona, na huenda hakuwahi; mtu hasomi kilicho nyuma ya kiti chake. "Idadi isipolingana, lango halifungwi mpaka mgeni apatikane."

"Hakisemi mgeni wa mwaka gani," Miwani akasema.

Karani alimtazama Miwani, akanitazama mimi, akatazama tena neno nililoliandika. Akamwuliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Ni nani wako, mama?"

"Mdogo wangu. Wa mwisho."

Akanyoosha mkono akachukua redio ya upepo.

Walikuja watu wa hifadhi tisa na sepetu, wakaja na polisi. Nilitoa maelezo, kurasa nne. Nikaweka saini yangu, moja. Polisi akasema huenda nikaitwa tena, nikasema niiteni. Katika siku zile Miwani alisema nami maneno ya lazima tu: sogea, maji, shika hapa. Siku ya tano walishuka na begi lililooza, na mambo mengine ambayo sitayataja, na fremu ya miwani imepinda. Miwani aliketi kwenye ngazi ya ofisi ya lango, akafungua mfuko wake mapajani, akaisafisha bawaba ya kushoto kwa brashi ndogo. Udongo ulipotoka, waya ukang'aa mwekundu.

"Kazi yangu," akasema.

Akatafuta ndani ya mfuko, akatoa skrubu ya saizi ile. Alikuwa nayo. Nadhani alitembea nayo miaka yote ile. Akaukata waya, akaifunga skrubu, akajaribu bawaba. Ikafunguka, ikafunga.

Mabaki yalipelekwa hospitali kwa vipimo. Kaka yao angeyafuata. Sisi tulishuka mjini kuchukua basi la kurudi. Tiketi zote mbili nilikuwa nazo mimi. Tulikaa kwenye benchi la stendi, mbali kidogo, mikoba yetu katikati. Basi letu lilikuwa la saa nane. Saa nane kasoro dakika ishirini Miwani akainuka, akachukua mkoba wake.

"Nakuja," akasema.

Akaondoka kuelekea upande wa maduka. Niliuona mgongo wake mpaka ukaingia kwenye watu.

Nilitaka kumwita nimwulize ni nakuja ipi. Sikumwita. Nilitazama benchi. Mkoba alikuwa ameuchukua. Chupa ya maji alikuwa ameiacha, imefika nusu. Nikajaribu kupata jibu kutoka kwenye chupa ile, halikupatikana.

Saa nane basi likapiga honi. Konda akanijia, kidole chake kimeshanihesabu.

"Mama, twende, tunaondoka."

"Nina mwenzangu."

"Yuko wapi?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nimeshalitoa siku moja, langoni, kalamu mkononi.

"Sijui," nikasema.

"Basi panda wewe, yeye atafuata na jingine."

"Hapana."

"Tiketi haina marejesho, mama, nakuambia mapema."

"Kijana, nimekwambia hapana. Nenda zako."

Akaenda, akinung'unika. Basi likatoka, likanimwagia moshi. Simu ikalia, alikuwa binti yangu. "Mama, mmeshapanda basi? Utafika lini?" Nikamwambia sijapanda. "Kuna nini?" Nikamwambia namsubiri shangazi yako Miwani. "Kaenda wapi?" Nikamwambia hakusema. Akauliza taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu mbichi, "Alisema nakuja?"

"Ndiyo."

"Na wewe utakaa hapo?"

"Nitakaa."

Jua lilihama likaniacha kivulini. Mabasi mawili zaidi yaliondoka. Mfagiaji alifagia chini ya miguu yangu, nikainua miguu, nikaishusha. Hapo ndipo nyuma yangu, karibu kabisa, pumzi juu juu, mtu akasema, "Nakuja!"

Sikugeuka. Niliutoa mkoba wangu kwenye benchi nikauweka chini, nikasogea pembeni mwisho kabisa, ili pabaki nafasi ya watu wawili.